Mali ya Bi Zafarani

Watu husema harufu ya karafuu mbichi ni harufu ya neema. Mimi ikinijia ghafla, nikipita mahali zilipoanikwa kando ya njia, kifua hubana kwanza, ndipo ninapokumbuka kwamba mimi ni mtu mzima na hakuna anayenitafuta. Wenzangu wa rika langu, tuliokulia Pemba wakati wa koroboi na kanga za kugawana na dada, kila mmoja ana hofu yake ya utotoni aliyoificha pahala. Yangu mimi ilikuwa jina langu.

Naitwa Mtumwa. Kwetu jina hili si la ajabu. Kina Mtumwa wako Tumbe, wako Mtambile, na watu hulitamka kama wanavyotamka Asha au Time, bila kulifikiri. Hata mimi sikuwa nimelifikiri. Mama akiniita niliitika, na mwalimu wa chuo cha Kurani akilitaja nilisogeza ubao wangu mbele nikasoma. Lilikuwa sauti tu, kama sauti ya mlango wa nyumba yetu, ambao niliujua hata nikiwa nimefumba macho.

Siku hiyo tulikuwa tunaosha mbao zetu kisimani, mimi na Kazija, rafiki yangu aliyekuwa mkubwa kwangu kidogo. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameanza kung'oka, na Kazija alizoea kunicheka nikitema maji. Siku hiyo hakucheka. Aliniangalia kwa namna ya mtu aliyepata habari.

"Mtumwa, bwana wako n'nani?"

"Bwana yupi?"

"Kila mtumwa ana mwenyewe. Babu katwambia jana. Zamani mwenyewe akimtaka mtu wake humfuata popote alipo akamchukua, hata akiwa kalala kwa mamaake."

"Mimi sina mwenyewe," nikasema.

"Basi kwa nini ukaitwa hivyo?"

Niliinama nikausugua ubao mpaka wino wote ukatoka, pamoja na aya ambayo nilikuwa bado sijaihifadhi. Na nilipokuwa nasugua, jibu likanijia lenyewe. Nilikuwa na mwenyewe. Nilimjua. Kila mtu kijijini alimjua.

Bi Zafarani alikaa peke yake ukingoni mwa bonde la mpunga, katika kibanda cha udongo ambacho uwanja wake ulifagiliwa mpaka ukang'aa. Alikuwa mwanamke mrefu, mzee, mwenye mikono mikavu iliyosuka ukili bila ya yeye kuitazama. Hakuwa na mume wala mtoto. Kila nilipokutana naye, iwe njiani au penye arusi, alisimama akaniambia, "Hujambo, mali yangu?" Wengine aliwaita kwa majina yao. Mimi peke yangu nilikuwa mali yake. Sikukuu ya Idi mama alinipeleka kwake kabla ya kunipeleka kwa mtu yeyote wa ukoo wetu, na Bi Zafarani alinigeuza huku na huku, akanishika mikono hapa juu, karibu na bega, akasema, "Kanenepa, alhamdulillahi." Nilikuwa nimewaona watu wakinunua mbuzi. Walishika hapo hapo.

Na kulikuwa na jambo jingine. Nikimwamkia shikamoo, alivuta mkono wake upesi. "Usinishike miguu mimi," alisema. "Niambie masalkheri, yatosha." Zamani niliona ni tabia zake tu. Sasa nilielewa, au nilidhani nimeelewa: mtu hapokei shikamoo ya mali yake.

Kuanzia hapo nilianza kula kidogo. Nilitaka nikondeane, ili siku akinishika tena bega asifurahi. Mama alikuwa mjamzito na tumbo limemwelemea, na aliponiona nasukuma chakula pembeni alinigusa shingo kutazama kama nina homa. "Mtoto, una n'ni?" Nikasema sina kitu. Ningemuuliza nini? Kama ni kweli, basi yeye ndiye aliyenitoa. Hilo sikuthubutu hata kulifikiri mpaka mwisho. Nikifika nusu yake nilirudi nyuma.

Msimu wa karafuu ulikuwa umeanza. Baada ya magharibi tulikaa uwanjani kuchambua, tukitenga karafuu na makonyo yake kwa mwanga wa koroboi, vidole vyeusi, harufu imejaa nywele na kanga na hata uji wa asubuhi. Jioni moja nililala ubavu ukingoni mwa jamvi, na wazee wangu wakadhani nimeshasinzia.

"Na huyu tumalizane naye," mama akasema polepole. "Si vyema mwenzake azaliwe naye bado ni wa Bi Zafarani."

"Ijumaa tumpeleke," baba akajibu. "Umri umeshafika. Kuku nimemweka."

"Na Bi Zafarani akimng'ang'ania?"

Baba akacheka. "Akimng'ang'ania tutafanyaje? Ni wake. Si tulimpa wenyewe kwa mikono yetu?"

Mama naye akacheka, na vidole vyao vikaendelea kuchambua. Sikujitikisa. Karafuu moja ilikuwa imeniganda shavuni, ikiniwasha, na sikuthubutu kuinua mkono kuitoa. Nilijua sasa kila kitu. Mtoto mpya alikuwa anakuja kukaa pahala pangu, na mimi nilikuwa narejeshwa kwa mwenyewe, na kuku juu yake.

Ijumaa asubuhi mama alinikogesha kwa maji ya vuguvugu. Alinipaka mafuta, akanitia wanja, akanifunga kanga mpya ambayo bado ilikuwa ngumu na yenye harufu ya duka. Alifanya yote kwa upole mwingi, na upole ule ndio ulionitisha zaidi ya kitu chochote. Mlangoni kuku jike mweupe alikuwa amelazwa, amefungwa miguu, jicho lake la duara likinitazama. Mama aliingia ndani kutafuta ungo wa kutilia mchele. Nikakimbia.

Nilikuwa nimeshafikiri pa kwenda. Nyuma ya mashamba kulikuwa na jumba la mawe la mwenye shamba, ambalo sote tuliliita Jumbani. Mwenyewe na watu wake walikaa Chake Chake na kuja mara chache. Juu kulikuwa kutupu, milango wazi, na chini kulikuwa na ghala ambamo wafanyakazi walitia karafuu zilizokauka. Nilichagua Jumbani kwa sababu moja. Nilikuwa nimeona kwamba Bi Zafarani hapiti pale. Akienda kisimani au mazikoni alizunguka bondeni, njia ndefu yenye tope, wakati njia iliyopita mbele ya Jumbani ilikuwa fupi na kavu. Watu walisema hakuwa amekanyaga kizingiti kile tangu siku za uhuru wa watumwa, kabla mama hajazaliwa. Nikaona hakuna pahala pengine duniani ambapo mwenye mali yake hawezi kunifuata.

Wafanyakazi walikuwa wanaingiza magunia. Walipokwenda nje kuchukua mengine nilipenya, nikajibanza nyuma kabisa, baina ya ukuta na rundo. Niliwasikia wakiingia na kutoka, wakitaniana, wakiharakisha kwa ajili ya sala. Kisha sauti ya nokoa, msimamizi wa shamba: "Haya, yatosha, Ijumaa hino." Mlango ukavutwa. Komeo likasukumwa, na baada yake nikasikia mlio wa kufuli. Sikuwa nimelifikiri kufuli.

Mwanzo giza lilinifariji. Halafu joto likaanza. Karafuu zikirundikwa hutoa joto kama mnyama aliyelala, na harufu ile, ambayo uwanjani ilichanganyika na upepo, mle ndani haikuwa na pa kwenda ila puani mwangu. Macho yalitiririka machozi. Ulimi ulikufa ganzi. Macho yalipozoea, niliona ukutani, karibu na kichwa changu, pete kubwa ya chuma iliyopigiliwa kwenye jiwe. Niliitazama muda mrefu. Nilijua ni ya nini. Nilikuwa nimejileta mwenyewe mahali ambapo watumwa hufungwa.

Nje walianza kuniita. Sauti ya mama ilitoka mbali, kutoka upande wa kisima, kisha ikasogea. "Mtumwaa! Ewe Mtumwaa!" Kila alipoita nilihisi kama ananinadi. Kisha nikasikia sauti nyingine, nzito na kavu, ya Bi Zafarani, ikiniita pamoja naye, nikabana pumzi. Waliponikaribia sana nikaziba mdomo kwa kanga mpya. Wakapita.

Baadaye, nilipotaka kuwajibu kwa sababu hofu ya mle ndani ilikuwa imezidi hofu ya nje, sauti haikutoka. Vumbi la karafuu lilikuwa limenikausha koo. Nilifungua mdomo, pakatoka mkoromo tu. Nikaenda kwa magoti mpaka mlangoni nikaupiga kwa viganja. Mlango ule ulikuwa mnene kuliko mimi. Hakuna aliyesikia.

Sijui nilikaa kiasi gani. Nilikuwa nimelala ubavu juu ya gunia, nikiona rangi ambazo hazipo, niliposikia miguu juu yangu. Mtu alitembea kwenye dari, akasimama, akatembea tena, polepole, kama anayeogopa kuamsha wenye nyumba. Nilijua juu hakukai mtu. Nikasoma Kul-huwallah kichwani nikaikosea. Kisha mbao zikakwaruza, kipande cha dari kikainuka, mwanga ukaanguka mpaka miguuni pangu, na ndani ya mwanga ule ukatokea uso wa Bi Zafarani.

"Mali yangu," akasema.

Nikapata sauti. "Usinichukue! Mimi si wako! Mimi wa mama!"

Nililia mpaka nikajikojolea kanga mpya, nikisukuma magunia kwa mgongo kana kwamba ukuta ungefunguka. Uso ule uliondoka, nikasikia sauti yake ikiita nje ya dirisha, "Yupo! Mleteni nokoa na ufunguo!" na mbali kilio cha mama kikijibu. Kisha akarudi. Ngazi ya mti ikateremshwa kwenye tundu, na Bi Zafarani akaanza kushuka, daraja kwa daraja, miguu yake mirefu ikitetemeka.

Hakunisogelea. Alikaa chini pale pale penye ngazi, akajifunga kanga yake vizuri. Niliona kwamba si miguu tu. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na uso wake umelowa jasho. Ilinichukua muda kuelewa kwamba na yeye alikuwa anaogopa.

"Kazija katwambia mlilozungumza kisimani," akasema. "Kalia sana. Basi nikajiuliza, mtoto anayenikimbia mimi atakwenda wapi? Nikaona atakwenda nisikokwenda."

Mimi niliitazama pete ya chuma. Akafuata macho yangu.

"Ile ya punda," akasema. "Sisi hatukufungwa. Tungekwenda wapi? Bahari pande zote." Akaelekeza kidole juu, kwenye dari. "Nilikuwa mdogo kama wewe walipokuwa wakiniteremsha kwa tundu lile nizikanyage karafuu zijae vizuri. Nililia kama ulivyolia. Ndiyo maana najua tundu lilipo."

"Mimi nani aliniuza?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyekuuza." Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Sikiliza. Mamaako kabla yako alizaa watoto, na wote alizika, hapana aliyefika kutambaa. Ulipozaliwa wewe, wanawake wakasema mtoto huyu afichwe jina, mauti yamdharau, yampite. Yaambiwe huyu si mwana wa mtu, ni mtumwa tu. Siku ya saba wakakulaza ndani ya ungo, wakakuweka jaani nyuma ya nyumba, na majivu na maganda ya muhogo. Kisha wakaniita mimi nije nikuokote. Walinitaka niseme: nimenunua mtumwa. Nikurudishe kwa mamaako akulee kwa niaba yangu mpaka utakapokuwa mkubwa, ndipo waje wakukomboe kwa kuku na mchele. Ndiyo ada. Leo ndiyo siku yake."

"Kwa nini wakakuita wewe?"

"Kwa sababu nilikuwa mtumwa kweli. Walidhani kinywani mwangu neno litakuwa na nguvu."

Nje watu walikuwa wamefika mlangoni. Nilimsikia mama akiniita kwa kupigapiga mbao, na baba akiuliza nokoa yuko wapi na mtu akimjibu kwamba amekwenda Mtambile, wamemfuata. Bi Zafarani aliwaambia kwa sauti kubwa wasubiri, mtoto mzima. Kisha akarudisha sauti chini.

"Nikasimama pale jaani. Ulikuwa umefumbua macho, unatazama inzi. Wanawake wananihimiza, Bi Zafarani, sema basi, jua linapanda. Ulimi ukakataa, mwanangu. Niliwahi kusimama mahali nikanunuliwa. Nilisikia mtu akilisema neno lile juu ya kichwa changu. Nisingeliweza kulisema juu ya chako, hata kwa mchezo, hata kwa kukuponya. Nikakuinua na majivu yako. Nikasema: huyu ametumwa. Ametumwa kwangu."

Alinitazama kuona kama naelewa.

"Wakapiga vigelegele. Mtumwa, Mtumwa! Waliona nimesema walilolitaka. Wao wamesikia la kununuliwa. Mimi nilisema la kutumwa, kama anavyotumwa mtu mwenye habari njema. Hata Mtume wetu, neno hilo la Mtume limetoka hapo hapo. Hilo sikumwambia mtu mpaka leo. Wewe ukaishi, nami nikakuita mali yangu, kwa sababu sikuwahi kuwa na kitu nikakiita changu. Sikujua kama neno hilo lakutisha."

Ningependa kusema kwamba nilikwenda nikamkumbatia. Sikwenda. Mtoto hawezi kuiweka chini hofu ya siku nyingi kwa sababu ameelezwa tu. Nilibaki nyuma ya gunia langu nikimtazama, na yeye alibaki penye ngazi, mpaka ufunguo ulipofika, mlango ukafunguka, na mama akaniangukia na tumbo lake lote, akinipiga na kunibusu kwa pamoja.

Nilikombolewa jioni ile ile, baada ya alasiri, mbele ya kibanda cha Bi Zafarani. Kuku alitolewa, mchele ukamiminwa, na Bi Zafarani akanisukuma taratibu mgongoni kuelekea kwa mama. "Namrudisha," alisema. Baba akatangaza kwamba sasa hatari imepita, jina linaweza kubadilishwa. Walikuwa na jina zuri wameliweka, Salama. Wote wakaniangalia. Nikatikisa kichwa. Baba akafikiri ni woga, akasema basi, tutalizungumza siku nyingine, na hawakulizungumza tena. Jina la Salama akapewa mdogo wangu, aliyezaliwa mwezi uliofuata na akaishi.

Nilikuwa bado naota ghala. Mchana nilimwepuka Bi Zafarani, na yeye, kwa kunihurumia, aliacha kuniita njiani; aliinamisha kichwa akapita. Hilo liliniuma kwa namna ambayo sikuitegemea. Arubaini ya uzazi ya mama ilipotoka, walipika wali wa nazi, na mama akanipa bakuli lililofunikwa kwa kawa. "Mpelekee Bi Zafarani," alisema. "Ukiogopa nitamtuma Kazija." Nikasema nitakwenda mwenyewe.

Alikuwa amekaa kizingitini anasuka ukili. Alipokea bakuli, akashukuru, na hakunishika bega. Nilisimama tu. Mwishowe nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu mle ndani.

"Bi Zafarani, na wewe jina lako nani alikupa?"

"Bwana wa Jumbani. Tulifika pamoja wasichana, yeye alipenda chakula chenye viungo. Mwenzangu mmoja akamwita Iliki, mwingine Mdalasini. Mimi nikawa Zafarani."

"Na kabla ya hapo?"

Vidole vikasimama. Alitazama njia, huku na huku, kama kwamba hata baada ya umri ule wote kuna mtu angeweza kumsikia akamkemea. Kisha akalisema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

"Nambewe."

"Maana yake n'ni?"

"Sijui. Nilikuwa mdogo. Wenye kujua walibaki bara." Aliinua macho. "Niite."

Niliona haya. Mtoto haiti mtu mzima kwa jina tupu.

"Niite, mali yangu. Nenda kule penye njia uniite kwa sauti, kama mama anavyomwita mtoto aliye mbali."

Nilikwenda mpaka penye njia. Nikageuka, nikaweka viganja mdomoni, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Nambewee!"

Ukili ulimwangukia mapajani. Alijibu upesi, kabla sauti yangu haijaisha, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake na sikuisikia tena.

"Abee!" alisema, na akasimama.